Usiku Nilipozungusha Taa ya Osieko

Mimi si mtu wa kuapa, na hapa sitaapa. Nitakueleza tu nilichofanya kwa mikono yangu na nilichoona kwa macho yangu, nawe uamue kama mtu aliyesoma fizikia chuo kikuu anaweza kujitungia aibu ya namna hii.

Ilikuwa miaka ya tisini, gugumaji lilipokuwa limeanza kulifunika ziwa. Chuo kilikuwa kimefungwa tena kwa mgomo, na badala ya kuzurura Busia mjini nikaenda Osieko kwa baba mdogo Wandera, mvuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Huko kuna mnara wa taa. Ulijengwa enzi za mkoloni, meli zilipokuwa zikipita na pamba na ngozi kutoka upande wa Uganda. Mawe yake yaliletwa kwa mashua. Ndani kuna vipandio sitini na tatu, vinapanda vikizunguka ukuta. Katikati uliwahi kuning'inia mnyororo wenye uzito wa chuma, kama ule wa saa kubwa ya ukutani, na mlinzi aliupandisha kwa mkono ili taa izunguke. Juu kulikuwa na vioo vilivyopangwa pete juu ya pete, vya kuutuma mwanga mbali. Meli zilipoacha kupita, vioo, mnyororo na mashine vyote viling'olewa. Mimi nilikuta mavi ya popo na fremu ya chuma iliyoliwa na kutu.

Nilipima kila kitu na kuandika.

"Wewe profesa," Mama Nabwire, mnunuzi wa omena hapo bichi, akaniita, "hiyo tepu ni ya nini? Unashonea mnara suruali?"

"Naandika historia yake, mama."

"Basi andika pia iko na mwenyewe."

Mwenyewe huyo ndiye aliyenichekesha. Kila jioni, kabla ya kusukuma mashua majini, kila mvuvi alimimina kifuniko kimoja cha mafuta ya taa kwenye mkebe uliokaa juu ya kipandio cha kwanza. Aliyapunguza kutoka kwa yale ya karabai zake, taa za kuvutia omena. Asubuhi mkebe ulikuwa mkavu. Ni mafuta ya mlinzi, walisema. Mlinzi gani? Wa taa gani? Nikawaambia kuna mwizi mwerevu hapa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na kitabu cha kumaliza na taa yangu haina kitu, jioni tatu mfululizo mwizi nikawa mimi.

Jioni ya tatu hakukuwa na mbalamwezi, na giza ndilo hupendwa na wavuvi wa omena. Mashua zote ziliingia ziwani. Yapata saa tatu upepo ukageuka, mvua ikashuka, na gugumaji likasukumwa hadi likaziba bichi nzima. Ungedhani ni shamba. Ulibaki mlango mmoja mwembamba wa maji. Mvuvi ambaye karabai zake zimezimwa na mvua atauonaje? Mashua ikinaswa kwenye gugumaji na mawimbi yanaipiga, inapinduka. Wanawake walisimama ukingoni wakigonga sufuria na kuita majina. Mama Nabwire hakuwa na mzaha tena.

"Profesa, baba yako yuko huko," alisema tu.

Nikachukua karabai ya akiba ya baba mdogo nikakimbilia mnarani ili niiweke juu kabisa. Nilipofika kama kipandio cha arobaini ikafifia, ikazima. Mafuta yake nayo nilikuwa nimeyamaliza kwa kusoma. Hapo gizani, juu yangu, nikasikia mnyororo ukivutwa. Mnyororo gani, na haupo? Niamini, miguu ilitaka kushuka. Lakini ningeshuka nikamwambie nani nini?

Juu alisimama mwanamume mwenye koti zito la kaki, amenipa mgongo.

"Umeleta mafuta?"

"Hapana, mzee. Niliyachoma."

"Ulisoma nini?"

Hata jina la kitabu lilinitoka.

"Basi zungusha wewe," alisema. "Na utazame ukuta. Usitazame taa."

Mpini wa chuma ukawa mkononi mwangu, baridi na mzito. Nikazungusha. Mwanga ukapita ukutani, ukaenda, ukarudi. Hebu niambie, mtu kama mimi anaweza kweli kutazama ukuta?

Niligeuka.

Hakukuwa na moto. Kulikuwa na vioo, pete juu ya pete, na ndani yake weupe uliotulia, bila joto wala moshi. Kupitia humo niliona ziwa lote hadi ng'ambo, kila tone la mvua likiwa peke yake. Nilimwona baba mdogo amesimama mbele ya mashua yake, na ningeweza kumhesabia vifungo vya shati. Nililia, na si kwa hofu. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo, wala sidhani nitaona. Niliendelea kuzungusha hadi viganja vikachubuka, na nilipozinduka nilikuwa peke yangu, nimeshika hewa.

Mashua zote zilifika. Wanawake wa ukingoni waliniambia hawakuona mwanga wowote. Radi ilipomulika waliona tu mtu juu ya mnara akizungusha mikono mitupu. Lakini wavuvi wote, mmoja baada ya mwingine, walisema waliuona mwanga.

Baba mdogo alinishika mabega, akitetemeka kwa baridi. "Asante, mwanangu. Lakini ile mitumbwi iliyotangulia kutupasulia njia, ya kushonwa kwa kamba, ilitoka wapi? Tuliita, na waliokuwa ndani hawakugeuka."

Mtumbwi wa kushonwa? Hakuna aliyeunda mmoja Osieko tangu kabla baba mdogo hajazaliwa.

Nilimaliza chuo, nikapata kazi Amagoro. Madaktari wa macho wameniangalia, hawaoni tatizo. Lakini nikifumba macho, ule mwanga unapita. Moyo unapiga mara kumi na mbili, unapita tena. Tangu usiku ule sijui giza ni nini. Kuna siku nashukuru. Kuna siku ningetoa chochote nilicho nacho nipate giza la usiku mmoja tu.

Najua wewe nawe utataka kwenda kuhakikisha. Nenda, hata mimi ningeenda. Panda, hesabu, pima. Ila ukipewa mpini na kuambiwa utazame ukuta, tazama ukuta, ndugu yangu. Zungusha tu. Walio ziwani watafika bila wewe kuwaona.