Mama Mizani na Kidonge cha Jumapili

Alizaliwa mwaka 1944 katika chumba cha nyuma ya duka la kushona, mdogo wa kaka mmoja tu, na kabla hajajua kusoma alikwishajua kutunga uzi kwenye sindano. Alirithi cherehani ya mama yake, akashona kanzu za kwaya kwa miaka thelathini, na ulimi wake, tuseme ukweli, ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Jina lake la ubatizo wengi wamelisahau, maana parokia nzima ilimwita Mama Mizani.

Wito ulimjia mwaka 1998, akiwa kitandani hospitalini, miguu imevimba, pumzi haitoshi hata kumaliza Baba Yetu. Aliambiwa moyo wake umechoka kusukuma damu, na kwamba mwaka mmoja ukipita ashukuru. Akajiona amekwisha. Muuguzi akamletea mizani na daftari, akamwambia, "Mama, daktari utamwona mara nne kwa mwaka. Siku zilizobaki mtunzaji ni wewe. Jipime kila asubuhi kabla ya chai, meza dawa, punguza chumvi. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, nipigie simu, usingoje." Alinung'unika, akatii, akarudi kwenye cherehani yake. Kisha akawakusanya wagonjwa wa moyo wanane wa parokia, akiwemo kaka yake, mwalimu wa kwaya, wakawa wanajipima dukani kwake kila asubuhi.

Jaribu kubwa lilitoka kanisani kwenyewe. Daftari lilionyesha kuwa kila Jumatatu uzito wa wote wanane umepanda, wa kaka zaidi, naye sasa alilala ameketi kwa kukosa pumzi. Akambana.

"Kaka, Jumapili unameza kile kidonge cha kutoa maji mwilini?"

"Nikimeza nitakimbilia chooni katikati ya Misa. Ni aibu, dada'angu. Na wenzangu wote hawamezi."

"Basi mtakufa na adabu zenu!"

Alilia siku hiyo juu ya cherehani, kwa kuwa hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Jumapili iliyofuata Mama Mizani alimeza kidonge chake, akaketi benchi la mbele kabisa. Katikati ya mahubiri akasimama, akapita njia ya kati taratibu, kichwa juu, huku vijana wakicheka chini chini. Padre akakatiza mahubiri, akasema, "Tumsubiri." Kanisa zima likamsubiri. Aliporudi alisimama mbele ya kwaya, akamwambia kaka yake kwa sauti, "Figo nazo aliziumba Mungu." Kaka akatoa pakiti mfukoni, akaomba maji, akameza palepale. Kesho yake walimpigia muuguzi pamoja, na ndani ya wiki mbili kaka alilala chali kama mtoto.

Mwaka mzima uliofuata hakuna hata mmoja wa wale tisa, yeye na wanane wake, aliyelazwa. Waumini waliita muujiza. Yeye alisema ni daftari. Aliyepewa mwaka mmoja aliishi kumi na tisa, akafariki asubuhi moja ya mwaka 2017 kitini pake, uzito wa siku hiyo ameshauandika.

Tumwige basi, tuutunze mwili bila kuuonea haya, na tusimwache mwenzetu ajitunze peke yake. Kaka yake ana miaka themanini na mitatu. Jumapili iliyopita alitoka mara mbili, kwaya ikamsubiri, na nyimbo zote aliziongoza yeye.