Adopt na Adapt

Mtoto alikuja kwetu bila kupangwa. Mama yake alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani hapa Voi, mwanamke aliyeuza matunda kando ya barabara kule Miasenyi. Alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, hakurudi. Hakuna aliyewajua watu wake. Afisa wa watoto akatuomba tukae na yule msichana kwa muda, jamaa zake wakitafutwa. Alikuwa na miaka mitatu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeacha kitambo kuongea habari za kupata mtoto.

Ule muda ukawa mrefu. Akaanza kuniita mama bila kufundishwa. Hakulala mpaka aweke mguu wake juu ya tumbo langu.

Siku moja tukaitwa ofisini. Afisa alikuwa kwenye simu na mkubwa wake, akiongea Kiingereza cha harakaharaka huku akitutupia macho. Mume wangu, fundi wa magari aliyeacha shule mapema, akaniinamia.

"Anasemaje?"

"Ngoja kwanza."

Nikasikia habari ya mtoto, nikasikia habari ya familia, kisha nikasikia neno nililokuwa nikilingoja: adopt. Akalirudia. Nilimshika mume wangu mkono. "Wanasema awe wetu kabisa."

Akavua kofia, akajifunika uso nayo.

Afisa akaweka simu chini. "Mama, nyanya yake amepatikana. Yuko upande wa Salaita. Kesho anakuja kumchukua."

"Lakini si umesema adopt? Nimekusikia."

Alikuwa mwanamke mpole, na niliona neno langu limemchoma. "Nilisema adapt, mama. Mkubwa ameuliza kama mtoto ataweza maisha ya kule. Nikamwambia atazoea."

Herufi moja tu. Adopt ni kumtwaa mtoto wa mwingine akawa wako mbele ya sheria. Adapt ni kuzoea, kujikunja mpaka utoshee pale ulipowekwa. Shuleni niliyatungia sentensi yote mawili nikawekewa alama ya vema. Lakini mtu akiongea haraka yanatoka karibu sawa, na mimi nilikuwa nataka moja tu.

Mume wangu akauliza kama kuna mahali pa kulalamika.

"Tumlalamikie nani, baba?" afisa akasema. "Huyu ni damu yake."

Nyanya alikuja na leso mpya ya kumbebea. Alipiga magoti akanishika miguu, akinishukuru kwa Kitaveta, kisha kwa Kiswahili cha kukatakata. Miaka yote alikuwa akiulizia binti yake, na ndiyo kwanza amesikia kwamba alishazikwa. Kama angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya. Mtoto alilia akininyooshea mikono mpaka sauti ikamkauka. Sikuwa na ruhusa ya kumpokea, na kuondoka pia sikuweza. Nilisimama tu.

Nyumbani mume wangu alikaa nje na vyombo vyake vya kazi, akafungua injini ambayo haikuwa na shida yoyote.

Nyanya hupiga simu akipata nafasi. Juzi alimpa mtoto aongee. Akanieleza mambo marefu kwa Kitaveta, habari ya mbuzi nadhani, akicheka katikati. Sikuelewa kitu. Nikaitikia, nikaitikia, mpaka laini ikakatika.