Mjane niliyemwandika "hayupo" kwenye mgao wa unga Lambwe, kumbe amesimama nje ya lango

Wakuu, nawasalimu kutoka Migori. Leo naleta kitu kilichonipata mimi mwenyewe, bila chumvi. Pale ninapoonekana mjinga nimepaacha vilevile.

Mimi ni volunteer kanisani. Mvua ilipokosa kule Lambwe, tulikusanya unga, maharagwe na mafuta, tukapeleka. Kanisa la kule ni dogo, so tukagawia nyumbani kwa mzee mmoja wa kanisa, boma kubwa lenye kivuli.

Kazi yangu ilikuwa register. Rule ni moja: kila mtu aje mezani mwenyewe, aweke kidole. Hakuna kuchukulia jirani, maana mgao uliopita watu walichukuliana hadi marehemu wakapata unga.

Nikaita, "Mama Atieno!" Kimya. Nikaita tena, na tena.

Nyanya mmoja kwenye foleni akaniambia, "Yuko. Yuko pale barabarani."

"Si akuje basi."

"Hawezi ingia hapa."

Nikadhani ni maringo. Nikapaza sauti, ile ya kuchekesha foleni: "Mtu akishindwa kutembea hatua thelathini, huyo hana njaa!"

Wachache wakacheka. Wengine waliangalia chini. Nikaandika "hayupo", na mfuko wake ukaenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya akiba, ambaye alikuwa huyo huyo nyanya.

Kabla hamjanirarua: ndiyo, mimi ni Mjaluo, lakini wa mjini. Mila ninazozijua vizuri ni zile zenye chakula.

Tulipomaliza, nikamuuliza mwenye boma yule mama ana shida gani. Akanieleza polepole, vile mtu humweleza mgeni. Mumewe alizikwa juzi tu. Kwa desturi, mjane ambaye wakwe hawajammalizia mambo yake, yaani tambiko la kumtakasa baada ya msiba, haingii boma la mtu mwingine. Akiingia, inaaminika ataachia watoto wa pale mkosi.

"Lakini mzee, si wewe umeokoka?"

"Mimi nimeokoka. Bibi za vijana wangu ndio wangeogopa. Ningewaambia nini?"

"Basi ungeniambia mimi."

"Ulikuwa unaita majina haraka sana," akasema.

Nikatoka nje. Niliwakuta kando ya barabara, nyanya amepiga magoti, anammiminia Mama Atieno nusu ya unga kwenye gunia. Mafuta walikuwa wameshagawana kwa chupa ya soda. Watoto watatu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakiangalia.

Nikaomba msamaha. Nikaanza kueleza mambo ya register na kidole, maneno mengi kweli. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Unga nimepata, ero kamano, asante," akasema. "Lakini ndugu, kila ukiita niliitika. Halafu nikasikia ukisema sina njaa, na watu wakacheka. Hawa watoto walisikia pia."

Niliona aibu wakuu, na bado naiona nikiandika hapa.

Nilichojifunza: meza ya msaada haiwekwi nyumbani kwa mtu, hata awe mtakatifu namna gani. Siku hizi tunaweka kando ya barabara, na kabla sijafungua register nauliza nani ameshindwa kufika na kwa nini. Pia nimeacha kuchekesha foleni. Mtu mwenye njaa atacheka chochote akiwa bado hajapewa.

Mila yenyewe jadilianeni hapo chini, waliookoka na wa upande wa wazee. Mimi si hakimu.

Ila wazazi mlio humu, naomba mnisaidie kitu kimoja. Kabla ya kuondoka nilimpa bintiye, Atieno mwenyewe, mkono wa kwaheri. Msichana wa kama miaka saba hivi. Akaniangalia, akauficha wake nyuma ya mgongo.

Mngemwambia nini?