Kelele za kwenye kaseti

Harufu ya verni ya kucha ikinifikia popote, nasikia gitaa. Mama alikuwa na kaseti moja ya blues iliyorekodiwa mbele ya umati wa watu. Utepe ulipokatika aliuunga kwa verni, na tangu hapo wimbo uliruka kutoka katikati ya gitaa moja kwa moja hadi kwenye kelele za watu.

Mchana mmoja, vita ikisemekana imekwisha na mji wetu wa Bunia bado ukilala na viatu miguuni, Mama aliipiga kaseti hiyo uani. Kelele zilipolipuka, jirani yetu alitoka mbio, godoro kichwani, mtoto mgongoni.

“Wamefika! Mukimbie!”

Mama akamwonyesha redio ya kaseti. Jirani akalitupa godoro chini, akaketi juu yake.

“Zima hiyo kitu, yaya, dada yangu. Makelele ya watu wengi, siye tunaijua.”

“Hapana. Hawa iko wanapiga makelele juu ya furaha. Sikia tena, mpaka masikio yako ijue tofauti.”

Akarudisha utepe nyuma, akaongeza sauti.

Kelele zilipolipuka mara ya tatu, jirani alisimama. Nilidhani anakimbia. Alivuta pumzi, akapiga kelele kuushinda ule umati wote.