Tulivyomtembeza Mtoto Bergen kwa Simu

Wiki iliyopita, kwenye mashine ya kusaga hapa kijijini Daudi, Mbulu, mwanamke mmoja ambaye hata simjui vizuri aliniuliza mbele ya watu, "Wewe si ndiye uliyekwenda kula bata Ulaya ukamwachia mama yako mtoto?" Nilimjibu vibaya. Sirudii nilichosema kwa sababu mama yangu atasoma hapa. Lakini nilifika nyumbani na unga wangu kichwani na hasira iko pale pale, nikaona bora niandike ni bata gani huyo niliyemla.

Nilikwenda Bergen, Norway, kwa mwaka mmoja, kusomea malezi ya watoto wadogo. Ndiyo, cheka. Nilimwacha wangu akiwa na mwaka na miezi mitatu nikaenda kujifunza kupangusa makamasi ya watoto wa wenzangu, nipewe cheti. Nina kidato cha nne ambacho hakikunifikisha popote, na baba wa mtoto alikwenda Babati kutafuta kibarua akapotelea huko na miguu yake yote miwili. Nafasi ya masomo ilipopatikana kanisani, mama aliniambia, "Nenda. Huyu mtoto sasa hivi shida yake ni uji, si wewe." Mama yangu huongea hivyo. Nimemrithi.

Tulikwenda wawili kutoka huku kwetu. Mwenzangu ni wa Mogitu, Hanang, kwa wafugaji, na yeye alikwenda kusomea mifugo. Tulifahamiana kwenye basi tukienda Dar kufuatilia viza, na kabla hatujafika Dodoma alikuwa ameshanitangazia kwamba watu wa Daudi tunakimbia ng'ombe mwenye pembe. Nikamwambia watu wa Mogitu wanakimbia jembe. Basi, tukawa marafiki, na Bergen tukapewa chumba kimoja.

Bergen ni mvua. Nilikuwa nimejigamba kwamba mtu wa Mbulu hafundishwi baridi wala ukungu. Wiki ya pili nilikuwa navaa suruali mbili na sketi juu yake. Mwenzangu akanizunguka akinitazama kama anayenunua mnadani.

"Mama mtu," akasema, "kumbe ile baridi yenu ya Mbulu ilikuwa ya mazoezi."

Kila Jumamosi mchana nilipiga simu ya video nyumbani, kwa simu ya mdogo wangu wa kike. Nasalimia kwanza, "Shikamoo mama," naitikiwa, naulizwa kama nakula, naambiwa shingo imekonda. Halafu mama anasema, "Haya, msalimie mama yako." Miezi ya kwanza mtoto alicheka na kuilamba simu. Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja alinitazama, akamtazama bibi yake, akasema, "Anti."

"Si anti," mama akamwambia. "Huyu nani? Sema mama."

Mtoto akampiga bibi yake kifuani. "Mama." Akanyoosha kidole kwangu. "Anti simu."

Mama alicheka mpaka simu ikamwanguka nikabaki natazama mabati ya paa. Nilikata. Nikapiga teke kiatu cha mwenzangu kikaingia chini ya kabati.

"Kiatu changu kimekukosea nini?"

"Mtoto ananiita anti."

Hakucheka. Alikaa kitandani, akasema, "Kwetu ng'ombe akimkataa ndama, tunampaka ndama chumvi. Mama anamlamba, anamlamba, mwisho anamzoea."

"Sasa hapo mimi ni ng'ombe au ndama?"

"Wewe ni ndama. Umekataliwa. Tukutafutie chumvi."

Yaani kitu cha kumfanya mtoto aitamani hiyo simu na aliyemo ndani yake. Ndivyo tulivyoujua mji wa Bergen. Wenzetu wa chuoni walikuwa wanatembea kupiga picha zao wenyewe. Sisi tulikuwa tunatafuta chumvi. Na mimi nilikwishaapa: Pasaka ikifika hajaniita mama, narudi Daudi, cheti kibaki kwao. Fomu ya kuacha masomo nilichukua ofisini Jumatatu iliyofuata nikaiweka kwenye begi.

Tulianza na soko la samaki. Kulikuwa na kaa mkubwa kama sinia, mzima, miguu inacheza. Nikasogeza simu vizuri kabisa. Mtoto alipiga ukelele akajificha kwenye khanga ya bibi yake.

"Mnamwonyesha mtoto buibui?" mama akafoka. "Huko shule mnafundishwa nini?"

Jumamosi iliyofuata tukaenda bandarini kwenye zile nyumba za mbao za zamani, nyekundu na njano, ambazo watu wanapanda ndege kuja kuziona. Mtoto akasinzia. Mama naye akapiga mwayo, akauliza kama hizo ni ghala za mahindi.

Kisha tukapanda treni ndogo inayokwea mlima. Akaingia mzee mwenye mvi, na mwenzangu, kwa malezi ya kwao, akaruka kama aliyeungua, akampisha kiti na kupiga goti kidogo. Mzee akakataa. Akampisha tena. Mzee akakataa kwa sauti ya mtu aliyetukanwa. Kule juu tukamwona akivua koti, chini yake kaptula, akaanza kukimbia.

"Shikamoo ya mbio," nikamwambia mwenzangu.

"Kaa kimya. Ningekuwa na heshima kidogo zaidi ningemvunja moyo."

Lakini huko juu kulikuwa na mbuzi. Kweli, mbuzi, mjini, wanatembea wenyewe na kifaa shingoni kinachopiga simu kwa mwenye mali kusema wako wapi. Mwenzangu alisahau mvua, akasahau na mimi. Alimshika mmoja akamfungua mdomo akahesabu meno, wazungu wamesimama wanatazama. "Miaka mitatu," akatangaza. "Na anakula kuliko sisi wawili." Nikapiga simu mbio mbio. Mtoto aliangalia kidogo, halafu akasikia mbuzi wa kweli analia mlangoni kwetu, akaondoka zake.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "umesafiri mpaka huko kutuonyesha mbuzi?"

Siku hiyo nilitaka kuutupa huo mlima baharini. Na mwenzangu akaniongezea. Aliichukua simu mkononi mwangu, akapiga mluzi wa kwao wa kuita ng'ombe, mluzi mrefu unaopanda na kushuka. Mtoto akarudi mbio, uso wote meno, akaelekeza kidole kwa mwenzangu.

"Mama!"

Yeye! Ambaye hajazaa hata paka! Alinirudishia simu kama imemchoma.

Sikumsemesha siku mbili. Nilipika ugali wangu peke yangu, wa mtu mmoja, na katika chumba chenye jiko moja hilo ni tusi. Siku ya tatu akaweka maziwa aliyoyagandisha mwenyewe juu ya meza, akasema huku akitazama dirisha, "Mimi sijamwiba mtoto wako. Ni mluzi tu. Nikufundishe?" Alinifundisha. Midomo yangu ya wakulima ilitoa upepo na mate. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta, na mimi nikacheka kwa sababu nilikuwa nimechoka kununa.

Majira ya baridi yakapita hivyo. Theluji tuliionyesha, mtoto alidhani ni unga, akaomba uji. Meli tuliionyesha. Kwaya yenye matarumbeta tuliionyesha. Wiki zingine aliniita anti, wiki zingine hakuniita kitu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatano ya kabla ya Pasaka nilijaza fomu. Mwenzangu hakubisha. Alivaa tu koti akasema atanisindikiza ofisini, na njiani hakunitania hata mara moja, hapo ndipo nikaogopa kweli. Tulikuwa tumebakiza mitaa miwili simu ikaita. Mama. Jumamosi angekuwa kanisani kwa mkesha wa Pasaka, akaona apige mapema.

Tulisimama pembeni ya barabara iliyokuwa inachimbwa. Kelele tupu. Nikaweka simu karibu kabisa na uso.

"Mwanangu, unaniona? Ni mimi. Ni mama yako."

Mtoto akapeleka kichwa kushoto. Nikadhani ananitafuta, na mimi nikasogea kushoto. Akapeleka kulia, nikasogea kulia. Akakunja uso, ule mkunjo wangu mimi mwenyewe, ninaoujua kwenye kioo, akapiga kiganja kwenye simu.

"Mama, toka!"

Halafu mama, "Eh! Umesikia?"

"Amesema nini?"

"Amesema utoke. Umemziba. Anataka kuona katapila."

Nikageuka. Nyuma yangu lilikuwa limesimama katapila la njano, limezama nusu kwenye shimo la maji machafu, linachota tope na kulimwaga kwenye lori. Miezi mitano tumepanda milima. Tumelowa. Tumeonyesha bahari.

Mwenzangu alikuwa amekaa chini kwenye jiwe la ukingo wa barabara, jiwe lililolowa, ameshika tumbo.

"Kakuita mama," alisema alipoweza kuongea, "na kakufukuza, pumzi moja. Huyo ni wako kabisa. Hatuhitaji kupima damu."

"Mama, toka!" simu ikarudia, kwa hasira zaidi.

Nilitoka. Nilichuchumaa nikageuza simu, nikainyoosha juu kwa mkono wangu wote ili uso wangu usionekane hata kidogo. Mvua iliingia kwenye mkono wa koti ikateremka mpaka kwapani. Kila ndoo ya tope ilipopanda, kutoka Daudi ilisikika "Eee!" ya watu wawili, mtoto na bibi yake.

Mwenzangu aliangalia saa. "Ofisi yao inafungwa saa sita leo. Sikukuu."

"Ifungwe."

"Mpaka wiki ijayo, nakuambia."

"Nyamaza bwana," nikamwambia. "Mtoto anaangalia."