Anashona mito, analinda macho ya mumewe

Saa moja kasorobo asubuhi. Jua linaingia kupitia dirisha la juu la chumba cha kujazia mito, na sufi iliyoponyoka kwenye mashine inaelea ndani ya mwanga huo bila haraka yoyote. Inapanda, inasita, inashuka polepole hadi mabegani mwa watu.

Chini ya dirisha, mwanamke wa miaka arobaini na saba anauvisha mfuko wa kitambaa kwenye mdomo wa bomba. Anakanyaga kidude cha mguuni, mfuko unavimba. Anaukumbatia mara moja kuupima, anachomoa sufi kidogo, kisha anaupitisha kwenye cherehani.

Mizani ipo pembeni, imefunikwa vumbi jeupe.

"Ile ni ya wakaguzi," anasema akiielekeza kwa kidevu. "Mimi naujua mto kwa kuukumbatia. Ukipumua nao, mzuri huo. Ukikusukuma, bado."

Wenzake kiwandani wanamwita Bi Sufi. Ana miaka kumi na tisa katika chumba hiki, na kila jioni hurudi nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi. "Mume wangu hunitania kwamba nazeeka kutwa, nikioga ujana unarudi," anasema, na kucheka.

Mumewe ni fundi saa. Hana mwajiri, ana kibanda chenye upana wa meza moja, na ukutani saa zaidi ya thelathini, kila moja ikiwa na wakati wake. Miaka sita iliyopita alidondosha skrubu, akaitafuta sakafuni nusu saa nzima. Mteja ndiye aliyemwonyesha: ilikuwa juu ya meza, mbele yake.

"Ilikuwa upande ambao jicho lilishaniaga, nami sina habari," anasimulia fundi huyo. "Presha ya macho haibishi hodi. Daktari aliniambia, mzee, kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki."

Kulinda maana yake ni matone asubuhi na jioni, maisha yake yote. Chupa moja ni sawa na mshahara wa siku nne wa Bi Sufi, na mumewe anahitaji aina mbili kila mwezi. Zote hutoka dirisha la dawa kwa kadi ya bima ya kiwanda, ambamo fundi ameandikwa kama mtegemezi wa mkewe.

Kadi hiyo ndiyo inayomlinda. Ndiyo pia iliyomfunga mkewe.

Miaka miwili iliyopita, mwenye nyumba ya wageni aliyewahi kulalia mto wa Bi Sufi alimsaka mpaka akampata. Alitaka mito mia mbili kwa kuanzia, kisha mingine kila mwaka. Bi Sufi akatafuta chumba cha kupanga, akakipata chenye madirisha pande mbili. Wiki ile anasema hakuwa anatembea, alikuwa anaelea. Akiwa kwenye bomba aliona rafu za chumba chake, rangi ya mlango, hata paka atakayelala dirishani.

Akaandika barua ya kuacha kazi, akamsomea mumewe.

"Nilimsikiliza mpaka mwisho," anasema fundi. "Sikutaka kumvunja moyo. Lakini ikabidi niulize: Mama, na matone?"

Saa zote za ukutani ziliendelea kugonga. "Barua niliitia mfukoni mwa aproni," anasema Bi Sufi. "Ikafuliwa nayo. Nikatoa kibonge cheupe, nikasema, haya, hata hii imekuwa sufi."

Miezi minne iliyopita ndipo dhoruba ilipofika hata kwenye kadi yenyewe. Meneja utumishi aliwakusanya wafanyakazi wote 114 kwenye bwalo na kuwaeleza kuwa kampuni ya bima imepandisha bei kwa theluthi. Kiwanda hakiwezi kubeba peke yake. Ama makato yapande kutoka asilimia nne ya mshahara hadi saba, ama wategemezi waondolewe, abaki mfanyakazi tu. Akawaachia wachague.

Mpakiaji mmoja wanayemwita Wakili, kwa sababu hajawahi kushindwa ubishi, alisimama wa kwanza.

"Jamani, tusemezane ukweli," alisema. "Mimi sina mke wala mtoto. Sijaumwa hata mafua. Asilimia tatu hiyo ndiyo ninayojazia kodi yangu ya nyumba. Nimlipie nani? Kila mtu abebe mzigo wake!"

Wengi walipiga makofi. Bi Sufi anakiri kwamba hoja ile haikuwa ya kijinga, na kwamba yeye si msemaji. Anasema alijikuta tu amesimama, mikono imeshika kiti cha mbele.

"Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," aliwaambia. "Mimi usufi naujua. Ukiwa mkavu, mtoto anaubeba. Ukilowa maji, wanaume wawili wanaugulia. Wangu umelowa. Mume wangu anaona kupitia tundu dogo kama la saa ya mkononi, na kupitia tundu hilo bado anatengeneza saa zenu. Mwanangu Wakili, namshukuru Mungu kwamba mzigo wako ni mkavu. Sikuombei ulowe. Lakini ukilowa, utataka tuwepo."

Meneja akaomba mikono iinuliwe. Ilipohesabiwa, mikono 63 ilitaka wategemezi wabaki, 44 ilikataa. Saba haikuinuka kabisa.

Wakili alipiga kura ya kukataa, na anasema angeipiga tena. "Lakini Bi Sufi alinipa jambo la kufikiri," anasema akifunga katoni kwa utepe wa gundi. "Nilibishana na yeye. Nilipaswa kubishana na bei. Mbona mimi na mama yule tunyang'anyane shuka, wakati shuka lenyewe ndilo fupi?"

Ndiye aliyemletea Bi Sufi habari kwamba kamati ya bunge inapokea maoni kuhusu mswada wa bima ya afya. Jumamosi moja wakaenda pamoja kwenye ukumbi wa manispaa. Waajiri walisema gharama zinawaua. Madaktari walisema hawalipwi kwa wakati. Zamu ya Bi Sufi ilipofika alipewa dakika tatu, akatumia moja.

"Naomba bima imfuate mtu, isiifuate kazi," alisema. "Nikiacha kazi, macho ya mume wangu hayaachi kuumwa."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye daftari. Mswada bado unajadiliwa, na hakuna ajuaye utatoka vipi. Kwa sasa makato ni asilimia saba, nyama imehamia Jumapili tu, na matone yanapatikana. Kipimo cha mwezi uliopita kilionyesha kuwa uwezo wa fundi kuona haujapungua tangu mwaka jana.

Mwenye nyumba ya wageni naye hajakata tamaa. Hupiga simu kila baada ya miezi michache. Bi Sufi humjibu asubiri kidogo. Kile chumba kilishapata mpangaji mwingine, lakini ameona kingine, mtaa wa pili, na mwenye nacho amemwahidi kumwambia kwanza yeye kikiwa kitupu. Ameshapiga hesabu ya hatua kutoka hapo hadi kibandani kwa mumewe: mia na arobaini, na fundi ameanza kuzipita mwenyewe ili miguu izoee hata macho yakichoka.

Na mswada ukipita, siku ya kwanza atafanya nini?

Anauacha mguu wake juu ya kidude bila kukikanyaga, anatazama juu kwenye mwanga.

"Nitalala," anasema. "Mpaka saa nne, jua linichome usoni. Miaka kumi na tisa nawatengenezea watu usingizi, mwanangu. Na mimi nataka kujua ukoje."