Zimeni Tochi

Mume wangu Seabata ni mkata sufu. Kila kondoo wa bonde letu amepita mikononi mwake, na hakuna zizi asilolijua. Kamera yake ya kawaida aliinunua kwa mpiga picha wa harusi, na watu wakacheka: mtu mzima anapiga picha giza! Lakini ikipiga mamia ya picha za kipande kimoja cha anga, naye akaziunganisha kwenye kompyuta, hutokea wingu jekundu katikati ya nyota, wingu ambalo jicho halilioni. Hata mimi sikuamini mpaka nilipoliona.

Shida ni kwamba kazi hiyo inataka usiku usio na mwezi, na wezi wa mifugo wanautaka uleule. Nilimwambia. Sikio la kufa halisikii dawa. Basi nikawa namfuata, maana kubaki nyumbani nikisikiliza mbwa kulinitia hofu zaidi.

Usiku mmoja wa Juni, kwenye baridi ya kukata masikio, tulikaa mlimani tumejifunika mablanketi, yeye na kijitaa chake chekundu kichwani. Kamera ilikuwa katikati ya kazi. Nikasikia mawe yakiporomoka, halafu tochi zikatupiga usoni.

"Mikono juu! Wezi nyie!"

Mwenye akili yeyote angeinua mikono. Mume wangu alifoka: "Zimeni tochi! Mnaniharibia!"

Bunduki ikakokiwa. Mkojo ulinitoka, sioni haya kusema.

"Anaficha sura huyo mwanamume! Mpige!" alisema mmoja wao.

"Ni mimi, mke wa Seabata!" nilipiga yowe. "Ntate Phoofolo, baba yangu, si sauti yako hiyo? Mimi niliyepika mkate kwenye msiba wa mama yako, leo utaniua?"

Phoofolo, kiongozi wa doria ya kijiji, akashusha mtutu. "Ah, Mama Lineo! Mnafanya nini huku kama wachawi?"

Seabata, badala ya kuomba radhi, akatoa simu na kuwaonyesha wingu lake. Wakasongamana. Aliyekoki bunduki akasema, "Hebu rudisha ile." Phoofolo ndiye aliyenogewa kuliko wote. Aliuliza wingu liko mbali kiasi gani, akacheka, akauliza tena. Walikaa nasi mpaka baridi ikawafukuza. Nilirudi nyumbani nikicheka na kutetemeka kwa pamoja.

Asubuhi zizi la Phoofolo lilikutwa tupu.

Walikuja wengi, na fimbo zao. Seabata alikuwa ananawa uso uani.

"Ntate, wewe mwenyewe shahidi," alisema Seabata, maji yakimchuruzika kidevuni. "Jana usiku nilikuwa nanyi."

Phoofolo hakufoka. Laiti angefoka.

"Ulikuwa nasi, ndiyo," alisema. "Sasa tuambie, nani alikulipa utushikilie pale na nyota zako?"